Soketi Ishirini na Nne, Kebo Kumi na Mbili

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya friji, maana kukaa kumenishinda tangu wiki iliyopita, na msaada wako ninauhitaji kabla ya tarehe ishirini na sita mwezi huu, siku ambayo mafundi wa jipsamu watafunga dari ya jengo letu jipya, na wakishaifunga, kosa langu litakuwa limezikwa humo ndani likiwa bado linapumua.

Mimi ni fundi wa mtandao wa kompyuta katika ofisi inayochora ramani za viwanja, nina miaka hamsini na tisa, nastaafu baada ya miezi mitatu, na pale kazini wananiita Mzee Koleo kwa sababu koleo langu la kubania plagi halitoki mfukoni hata nikienda harusini. Nakutajia haya ili usidhani ni mtu asiyejua kazi yake anayelalamika. Kazi naijua, na ugonjwa ulianzia hapohapo.

Niruhusu nikueleze kidogo, kwa sababu usipoelewa nyaya hutaielewa aibu yangu. Kebo moja ya mtandao ukiichuna ganda lake, ndani utakuta nyaya nane nyembamba zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Sasa kompyuta zetu za kuchorea ramani ni za zamani, zina miaka kumi na minne, kubwa kama masanduku ya nguo, lakini tunahama nazo zote ishirini na nne kwa sababu programu yetu ya kuchorea bado haijakubali kukaa kwenye mashine mpya, na hizi za zamani zikiwa mtandaoni zinatumia nyaya nne tu, zile nne nyingine zinalala humo ndani mwaka mzima bila kazi. Basi zamani, katika jengo tunalolihama, tuliongezewa meza chumba cha wachoraji na ukuta ulikuwa wa zege lisilotoboleka, nikafanya mkato: kebo moja niliipasua ncha zote mbili, nyaya nne nikaipa kompyuta hii, nne nikaipa jirani yake, kebo moja ikalisha mashine mbili na zote zikafanya kazi bila kukohoa. Tangu siku hiyo nikawa mtu. Mkurugenzi wa wakati ule aliwaita watu waje waone, na mimi nikasimama pale na koleo langu nikijifanya si kitu.

Katika ofisi yetu kuna binti niliyemfundisha kazi mwenyewe, miaka minne sasa, ndiye atakayeshika nafasi yangu, na hivi ninavyoandika yuko katika miezi ya majaribio ya cheo hicho. Tulipokaa kikao cha kuchagua kebo za jengo jipya, yeye ndiye aliyesema kwanza.

“Mzee, zile paipu mbili za kebo zinazopanda ukutani hadi darini ni nyembamba, nimezipima jana,” akasema. “Tukichukua kebo ya daraja la tano, ile iliyoboreshwa, zitapita zote ishirini na nne. Kila soketi itapata yake.”

Nami nikamjibu mbele ya kikao, “Mwanangu, tunahamia jengo jipya au tunahamia makumbusho? Tunaweka daraja la sita, kebo nene, ya kisasa. Jengo jipya haliwekewi kebo za jana.”

Mkurugenzi akacheka, akasema, “Mzee Koleo akishanena, nani wa kupinga?” na jambo likaisha, kebo nene zikaletwa, na mimi nikatoka kikaoni natembea kama bwana harusi.

Mshauri, siku ya kuzipitisha, paipu ya kwanza ilimeza kebo nane, ya tisa ikagoma, nikaipaka sabuni, ikagoma na sabuni yake. Paipu ya pili vilevile. Nane na nane ni kumi na sita, na mimi nilihitaji ishirini na nne, na hapo mtu mwenye akili zake angeweka koleo chini akapiga simu akasema jamani binti alipima sawasawa, nami nimekosea, lakini ilikuwa Jumamosi, nilikuwa peke yangu, hakuna aliyeniona, na mkato wangu wa zamani ukaja wenyewe kichwani kama rafiki aliyekuja kunisitiri. Nikazitoa zile kebo, nikarudisha sita kwa kila paipu, jumla kumi na mbili, kila moja nikaipasua kuwa mbili, nikazifunga kwa utepe mweusi ndani ya kabati la swichi zinazogawa mtandao, nikapachika ukutani soketi ishirini na nne, nyeupe, zimenyooka kama meno ya mtoto. Ukiingia chumbani unaona soketi ishirini na nne. Nyuma yake kuna kebo kumi na mbili.

Jumatatu nikapeleka kompyuta mbili za zamani kujaribia, nikazichomeka soketi hii na ile, zote zikakamata, mkurugenzi akanipigapiga begani akaenda zake. Binti alibaki. Akafungua kabati, akainama, nikamwona midomo inacheza.

“Mzee, soketi ni ishirini na nne,” akasema. “Kebo zinazoshuka hapa nahesabu kumi na mbili. Nyingine zimepita wapi?”

Fundi rangi alikuwepo na ndoo yake, fundi bomba alikuwa akifunga sinki upande wa pili wa mlango, na mimi, badala ya kumjibu mtoto wa watu, nikasema kwa sauti ya kusikika, “Mwanangu, kebo hazihesabiwi kama mayai. Ukifika umri wangu utaziona zote.”

Fundi rangi alicheka mpaka brashi ikamdondoka. Fundi bomba akaongezea kutoka kule sinkini, “Dada, kabla hujafika huo umri, nunua miwani!”

Binti akafunga kabati polepole, akasema, “Sawa, Mzee,” na tangu saa hiyo hajaniuliza kitu. Huyu ni mtu aliyekuwa akiniuliza maswali thelathini kwa siku, mpaka nikawa namkimbia kwenda kunywa chai, na sasa ananisalimia shikamoo, anachukua vifaa vyake, anakwenda.

Ningeweza labda kuvumilia ukimya huo kama si mhasibu wetu kupita siku mbili baadaye na kompyuta yake mpya ya mkononi. Nilimwomba nijaribu mtandao kidogo. Soketi ya kwanza, taa iliwaka, ikapepesa, ikazima. Nikahamia ya pili, hiyo ikakamata lakini kwa sehemu ya kumi tu ya kasi yake, kwa sababu mashine mpya zinataka nyaya zote nane ndipo zikimbie, ukizipa nne ama zinachechemea ama zinakataa kabisa. Jambo hili nilikuwa nalijua. Nimelifundisha kwa mdomo wangu. Lakini kujua kitu na kukiona kikikupepesea jicho ni mambo mawili. Na jioni hiyohiyo mkurugenzi akatangaza kwamba marekebisho ya programu yanakaribia kwisha na kompyuta sita mpya zitakuja muda mfupi baada ya sherehe ya kufungua jengo, nyingine zitafuata.

Sasa kiini chenyewe. Kuna fomu ya makabidhiano. Ina mstari unaosema kwamba kila soketi ina kebo yake kamili, imehesabiwa na kukaguliwa na anayepokea, na chini yake kuna nafasi ya sahihi ya binti. Atatia sahihi, mshauri. Alihesabu kumi na mbili kwa macho yake, lakini atatia, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia haoni, na kwa sababu yuko kwenye majaribio na mimi ndiye ninayeandika ripoti yake. Kisha mashine mpya zitakuja, zitachechemea, dari itakuwa imefungwa na kupakwa rangi, mimi nitakuwa nyumbani nakula pensheni, na atakayeulizwa ni yeye.

Ndiyo maana sikai. Juzi mama watoto alinikuta sebuleni napapasa soketi ya taa. “Hiyo soketi imekukosea nini?” akaniuliza. Nikasema nakagua tu. “Nyumba ya miaka ishirini unaikagua leo? Hebu kaa chini, baba, unanizungusha kichwa.” Nikakaa, nikainuka, nikaenda kwa kinyozi, kinyozi akaniambia nikiendelea kugeukageuka ataninyoa sikio, nikainuka pale na nywele nusu. Nimepita njia ya jengo jipya mara tatu siku ya mapumziko bila shughuli yoyote, nasimama ng'ambo ya barabara natazama madirisha.

Jambo moja nimelifanya. Nimeandika kikaratasi, mwandiko mzuri, kinachoeleza kila kebo imepasuliwa vipi na rangi ipi inakwenda soketi ipi, nikakibandika ndani ya kabati nyuma ya feni, ili siku moja atakayefungua akione. Je, mshauri, hicho hakitoshi? Au ningoje niagwe vizuri kisha nimpigie binti simu taratibu nimweleze? Au nimwone mkurugenzi faraghani, tumalize kiutu uzima bila kumhusisha binti? Kebo ndefu kuliko zote ni ya mita hamsini na nane, nakutajia kama itasaidia. Nisaidie, maana miguu inauma na bado haitaki kutulia.

Ni mimi,
Fundi Asiyekaa

*

Fundi Asiyekaa,

Barua yako nimeipitisha mbele ya barua nne za watu wenye wachumba wawili wawili. Wachumba watangoja. Jipsamu haingoji.

Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mimi nakupa pole hata hivyo, kwa sababu ungeweza kunyamaza na hujanyamaza, na mficha uchi hazai. Lakini ukishaipokea pole yangu, kaza mkanda, kwa maana umejaza kurasa nne na kosa lako bado umeliweka pasipo mahali pake.

Unasema kosa ni mkato. Mkato hauna kosa. Kule kwenye ukuta wa zege ulikuwa akili safi: palikuwa na shida, ukaitatua, na kila aliyekaa kwenye meza zile alijua anakula sahani moja na jirani yake. Safari hii umeuficha nyuma ya vifuniko vyeupe ili watu wahesabu kisichokuwepo, na alipotokea mmoja mwenye macho, ukamwambia ni kipofu. Hapo ndipo ulipokosea, na hapo ndipo panapokuuma. Miguu inafuata tu.

Mimi si fundi, kwa hiyo nilimwita mpwa wangu, ambaye kazi yake ni hiyohiyo ya kutandaza kebo, nikamsomea sehemu ya barua bila kumwambia imetoka wapi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, “Shangazi, huyo mzee kebo nene alikuwa anaitakia nini?” Nikamwambia ya kisasa. Akacheka. Akanieleza kwamba ile nyembamba aliyoitaka binti inabeba nyaya zote nane na inaipa mashine mpya kasi yake yote hadi mita mia moja, na yako ndefu kabisa ni hamsini na nane. Unene wa daraja la sita una faida zake, lakini chumba cha kuchorea ramani hakitaziona. Na kwenye zile paipu zako, kumi na mbili nyembamba zinaingia kila upande, zimebanana lakini zinaingia. Binti alipima, Fundi. Wewe ulikadiria.

Nakueleza haya na wasomaji wengine wanaohama ofisi wasikie. Anayehamisha kompyuta kuukuu hukosea kwa njia mbili: ama anatandaza kebo ya kuzitosha hizo kuukuu tu, ama anatandaza ya kujionyesha. Kompyuta hukaa mezani miaka kadhaa ikaondoka. Kebo ya ukutani hukaa mpaka jengo libomolewe. Kwa hiyo ukichagua, mtazame mgeni atakayekuja kukalia meza ile, pima paipu yako, pima umbali wako, kisha chukua inayofaa. Wewe uliikataa kebo ya binti kwa sababu ni ya jana, kisha paipu zilipokukatalia, ukaenda kuchukua ujanja wa juzi. Lo!

Sasa maswali yako.

Kikaratasi kitoe, leo. Mtu unayemwandikia yuko ofisi moja na wewe na anakupa shikamoo. Nyuma ya feni anaandikiwa nani? Mende?

Kungoja uagwe kwanza ni kutaka upigiwe makofi kwa kazi unayojua ni mbovu, kisha umpigie simu ya kumwachia mzigo. Hapana.

Na huo utu uzima wa faraghani na mkurugenzi, hapana mara mbili. Wakubwa wawili wakimaliza jambo mlango umefungwa, binti atabaki yule aliyeshindwa kuhesabu mpaka kumi na mbili. Ulimcheka mbele ya watu. Utamsafisha mbele ya watu haohao.

Fanya hivi. Kesho asubuhi nenda jengoni mapema, hakikisha fundi rangi na fundi bomba wapo, hata ikibidi uwasubiri. Mwite binti kwenye kabati. Sema, “Uliniuliza kebo nyingine zimepita wapi. Hazipo. Ulihesabu sawasawa. Na kebo uliyoitaka kwenye kikao ndiyo iliyofaa.” Kisha nyamaza. Usitie neno “lakini.” Usianze kumweleza habari za jozi na rangi, najua ulimi utakuwasha, anazijua, ulimfundisha mwenyewe. Fundi bomba akitia mzaha, mzaha huo ni wako, umeze. Wala usimdai msamaha palepale. Akisema “Sawa, Mzee” akaondoka, mwache aondoke, ana haki yake ya kukasirika na si lazima iishe kabla ya chai.

Kabla ya saa sita mchana muende kwa mkurugenzi, nyote wawili, na wewe ndiye useme. Ataghadhibika. Atauliza kebo nene zitakwenda wapi. Mpwa wangu anasema, kama jengo lenu lina ghorofa, zitumike kuunganisha kabati la ghorofa hii na la ile, huko ndiko mizigo mikubwa ya mtandao inakopita. Mwambie hivyo, na umwambie pia kwamba wazo la kebo nyembamba lilikuwa la binti tangu mwanzo. Hilo liandike na kwenye ripoti yake ya majaribio, kwa maneno kamili: alipima, alishauri sawasawa, alibaini hitilafu, alipuuzwa. Litie sahihi yako chini yake.

Kazi yenyewe ni ya siku mbili mkiwa wawili, na tarehe yako bado iko mbali kidogo, namshukuru Mungu kwa hilo. Kila kebo nene iliyomo ndani ifungieni nyembamba mbili mkiani, mzivute za paipu moja zote kwa pamoja, taratibu. Zikitoka nene sita, zimeingia nyembamba kumi na mbili. Mkimaliza, azimeni kompyuta ya mhasibu, binti aichomeke soketi moja moja, zote ishirini na nne, na asiiguse ile fomu mpaka ya mwisho iwake na kukaa imewaka.

Watu watasema Mzee Koleo aling'oa kazi yake mwenyewe miezi mitatu kabla ya kustaafu. Ndiyo, watasema, na itakuwa kweli.

Siku ya kuvuta, yeye awe juu ya ngazi darini, wewe uwe chini umeshika kebo. Akikwambia vuta, vuta. Akikwambia acha, acha.